Si Kila Utenzi ni Utendi

Kwenye rafu moja ya ushairi wetu wa kale kuna kazi mbili ambazo hulala ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni ya mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, maradhi yakiwa yamemshika mwaka mzima, anamwita binti yake asogee, akae, alete wino na karatasi, kisha anampa wasia wa kuishi na Mungu, na watu na mume. Ya pili iliandikwa Lamu mwaka 1913 kwa mkono wa Muhamadi Kijumwa. Humo mna mwanamume wa kimo cha ajabu, Fumo Liyongo, ambaye mkuki haumwingii wala mshale haumdhuru, na ambaye hatimaye anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni.

Zote mbili tunaziita tenzi. Zote mbili zina idadi ileile ya mizani katika kipande na mpangilio uleule wa vina. Sasa mwanafunzi aliyefundishwa kwamba utenzi ni ushairi wa masimulizi ya mashujaa anafungua wasia wa Mwana Kupona na kuuliza: shujaa wa humu ni nani? Nimewasikia walimu wakijibu kwamba shujaa ni mama mwenyewe, au kwamba subira nayo ni ushujaa. Majibu hayo yana heshima ndani yake, ila hayafungui fundo. Fundo limefungwa na neno lenyewe, ambalo tumelipa kazi mbili zisizofanana.

Vazi na mwili

Kazi ya kwanza ni nyepesi kueleza. Utenzi ni mtindo wa utunzi. Ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vitatu vya kwanza hupatana vina. Cha nne hubeba kina chake peke yake, na kina hicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu bismillahi hadi tamati. Ili uuone mtindo ukifanya kazi, nimetunga beti mbili za mfano. Si za Kijumwa, ni zangu:

*Nasimulia habari,*
*ya Liyongo mashuhuri,*
*mkuki wake hodari,*
*na uta akashikia.*

*Mama katuma mkate,*
*wa wishwa, usiwavute,*
*mlinzi asiukate,*
*tupa ndani yatulia.*

Zisome kwa sauti. Vina vitatu vya mwanzo vinabadilika kila ubeti, kwa hiyo mtunzi ana uhuru wa kwenda na kisa popote kinapomwita. Kina cha mwisho hakibadiliki, kwa hiyo msikilizaji hapotei. Kinashika beti zote kama uzi unavyoshika punje za tasbihi. Na kipande cha mizani nane ni kifupi, hakimpi mtu nafasi ya kukaa. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo huketi likatafakari, likageuza neno moja mara tatu, likarudi kwenye kibwagizo chake. Utenzi hutembea. Ndiyo maana mtu akiwa na jambo refu la kusema, ashike wino na karatasi, mkono wake huenda wenyewe kwenye mtindo huu.

Jambo refu la kusema si lazima liwe la shujaa. Mama humwusia binti. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili, akifuata njia ileile ya Mwana Kupona. Hasani bin Ismail alisimulia katika Swifa ya Nguvumali habari za mauaji na mganga aliyeyafichua. Sifa za Mtume, visa vya manabii, mafunzo ya dini, historia ya mji: kila mwili umewahi kuvaa kanzu hii, na imeukaa.

Kazi ya pili ya neno hili ndiyo nzito. Tunapozungumza juu ya Homer wa Wagiriki au Sundiata, shujaa wa Wamandinka wa Afrika Magharibi, tunahitaji jina la utanzu ambao hautambuliwi kwa mizani. Unatambuliwa kwa kile kinachosimuliwa na namna jamii inavyokipokea. Wagiriki waliuita *epos*, neno lenye maana ya usemi, kauli, kile kinachotamkwa. Sisi tulichukua kitenzi *tenda*. Wao waliupa jina kwa kile kinachosemwa na sisi kwa kile kinachotendwa, na kila nikilitazama neno letu naliona limelenga karibu zaidi na shabaha.

Kaskazini, Lamu na Pate, wanasema *utendi*. Kusini tumezoea *utenzi*. Ni neno moja lililopita midomo miwili. Wataalamu kadhaa, na walimu wengi wa fasihi simulizi, wamejaribu kugawa kazi: utenzi uwe jina la mtindo, utendi uwe jina la ushairi wa kishujaa. Majalada ya vitabu hayajali mgawanyo huo, lakini mimi nitaufuata hapa, kwa sababu unatupa zana ya kukatia fundo. Utenzi ni vazi. Utendi ni mwili. Wasia wa Mwana Kupona ni vazi bila mwili huo. Kisa cha Liyongo ni mwili uliovaa. Na upo mwili usiovaa vazi letu kabisa, nao nitaufikia nikivuka maziwa makuu kuelekea Kongo.

Mtu aliyekufa amepiga goti

Kisa cha Liyongo kilikuwa kikisimuliwa muda mrefu kabla Kijumwa hajakitia katika beti. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na Liyongo yumo, hadithi imechanganyika na nyimbo. Maana yake ni kwamba miaka zaidi ya arobaini kabla ya utendi wa Lamu, kisa kilikuwa kimekwisha kushuka pwani yote. Aliishi lini? Wapo waliomweka karne ya 13, wapo waliomsogeza hadi ya 16 au 17. Huko Ozi, karibu na Kipini, wenyeji huonyesha kaburi lake. Ugomvi huo wa tarehe ni halali, ila wenye kisa hawakuungojea uishe ndipo wasimulie.

Kwa ufupi, Liyongo ana nguvu, ana uta, ana ulimi wa kutunga. Ndugu yake, Daudi Mringwari, ndiye mfalme wa Pate, na anamwogopa. Wachambuzi wengine huona hapa mgongano wa mirathi ya zamani ya upande wa mama na ile mpya ya upande wa baba. Wagala, majirani wa bara, wanamtamani kwa sababu nyingine: wanampa mke ili wapate mbegu yake. Mwana wa ndoa hiyo ndiye atakayerudi na sindano.

Kwanza mfalme anawatuma Wasanye na Wadahalo wa mwituni wajifanye marafiki. Wanakula naye makoma kwa zamu: leo huyu anapanda mkoma kuwachumia wenzake, kesho yule. Shabaha ni siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu ya mti wampige mishale. Siku hiyo inafika. Anachagua mkoma mrefu kuliko yote, anasimama chini yake, anavuta uta, na makoma yanadondoka yenyewe kwa mishale yake. Hakupanda. Naipenda sana sehemu hii kwa sababu hakuna mtu anayeuawa. Ushujaa unaonekana kwa mtu kuiona njama na kuijibu kwa ustadi wa mkono wake, mbele ya wale waliokuja kumuua, huku akiwalisha.

Halafu kifungo. Amefungwa Pate, kifo kimeamuliwa. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakula kilicho kizuri. Liyongo anatunga wimbo, anamwimbia Saada mbele ya walinzi, nao hawaelewi. Ndani yake kuna ujumbe kwa mama: apike mkate wa wishwa, katikati aweke tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa. Kisha anaomba jambo la mwisho kabla ya kufa, naye anakubaliwa: ngoma ya gungu. Ngoma inapopamba moto, siwa na matari yakilia, yeye anakereza minyororo kwa tupa na hakuna anayesikia. Angalia ni nani wamemtoa gerezani. Mama, kijakazi, wimbo na ngoma. Misuli inayosifiwa ubeti baada ya ubeti ilikuja mwisho, kuvunja kilichokwisha kukatwa.

Watu huniambia utendi ni habari za vita. Katika utendi ulio wetu kuliko wote hakuna vita hata kimoja cha jeshi na jeshi.

Mwisho wake mnaujua. Mwana anaahidiwa cheo na mke, anamwuliza babaye ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anaelewa. Anamwambia wazi kwamba anajua ametumwa, kisha anamtajia sindano ya shaba na kitovu. Hapa ndipo ninapowataka wasomaji wasimame. Kwa nini amwambie? Wengine husema ni mapenzi ya mzazi, wengine husema ni ajali iliyokwisha kuandikwa. Mimi naona kisa kinasema jambo gumu zaidi: mtu ambaye mji mzima umeshindwa kumfikia hufikiwa tu na yule aliyempa mlango mwenyewe. Kitovu ndiko mtu alikoungana na mama yake. Shaba imeingia palepale.

Baada ya kuchomwa anaamka, anashika uta, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anafia katika hali hiyo. Mji unakosa maji. Wateka maji wanamwona kwa mbali na kukimbia. Wazee wanamwomba mama akambembeleze. Mama anasimama mbali, anamsihi mwanawe atulie, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mwili unapoanguka. Mwana hakuyapata aliyoahidiwa.

Ukitaka kujua utendi ni nini, tazama kisima hicho. Mfalme amepata alichotaka, adui yake amekufa, lakini mji hauwezi kunywa. Jamii iliyohifadhi kisa hiki haikuwa ikijisifu tu. Ilikuwa ikijiuliza swali ambalo haikuweza kuliuliza barazani: tunafanya nini na mtu aliye mkubwa kuliko nafasi tuliyompa, na inatugharimu nini tukimuua?

Shimo katika ngozi

Mahali pamoja pa kufia si pa Liyongo peke yake. Masimulizi ya Kigiriki yanampa Achilles kisigino. Wajerumani wa kale walimpa Siegfried doa kati ya mabega, jani lilipomwangukia alipokuwa akioga damu ya joka. Katika utendi wa Sundiata, anayekingwa ni adui, mfalme mchawi Sumanguru, na siri yake ni kipi cha jogoo. Dada yake Sundiata ndiye aliyekwenda kuichota siri hiyo kwa mfalme mwenyewe, kabla ya vita vya Kirina vya mwaka 1235 ambavyo vilifungua njia ya dola ya Mali.

Hakuna haja ya kudhani kwamba Lamu iliazima kwa Wagiriki. Msimuliaji yeyote mwenye shujaa asiyeshindwa ana tatizo: kisa hakiendi. Lazima pawe na shimo, na shimo hilo lazima lijulikane na mtu wa ndani, maana mtu wa nje hafiki karibu. Kwa hiyo tendi nyingi, zinazotajwa kuwa za vita na maadui, zikikazwa macho ni hadithi za nyumba moja: ndugu na ndugu, baba na mwana, mke na mume. Adui wa mbali ni kelele ya nje ya dirisha.

Vita ambavyo havikupiganwa

Historia nayo inaingiaje? Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alimwandikia sultani wa Pate utendi ambao ndio miongoni mwa wa kale kabisa tulio nao wenye tarehe, Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali. Una beti zaidi ya elfu moja. Unaanza na kuuawa kwa Jaafar, binamu wa Mtume, kisha Mtume anampelekea Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki, barua ya kumwita katika Uislamu, kisha unafuata msafara wa jangwani na mapigano makubwa yenye mabingwa wa pande zote mbili.

Msafara wa Tabuki ulikuwepo, mwaka 630. Lakini jeshi la Waislamu lilipofika Tabuki halikukuta jeshi la Warumi; hapakupiganwa vita vikubwa. Mtunzi wa Pate, kama walivyofanya wasimulizi wa Kiarabu aliowapokea, alikaza pamoja mambo mawili: kifo cha Jaafar kule Muta, mwaka uliotangulia, na safari ya Tabuki. Akapata kile ambacho historia ilikinyima kisa, yaani ana kwa ana.

Wafaransa walifanya hivyohivyo. Mwaka 778 nyuma ya jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafranki, ilishambuliwa milimani na Wabaski, watu wa eneo hilo, Wakristo. Karne tatu baadaye, katika Wimbo wa Roland, Wabaski wametoweka na mahali pao pamejaa majeshi ya Waislamu. Zilikuwa zama za vita vya msalaba, na kisa kikavaa adui wa zama zake. Mtu wa Ufaransa wa karne ya 11 na mtu wa Pate wa karne ya 18, kila mmoja upande wake wa mpaka wa dini, walikuwa wakifanya kazi moja ya mkono.

Hawakuwa waongo. Utendi haudai kuwa daftari la matukio. Hutunza kile ambacho tukio lilikuja kumaanisha kwa wajukuu, na mtu anayeutumia kutafuta tarehe ataumia, lakini anayetaka kujua Pate ya mwaka 1728 ilijiona nani duniani hatapata shahidi bora.

Aliyezaliwa akaenda

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kwamba utendi kama utanzu ni kama haupo Afrika kusini mwa Sahara, isipokuwa mifano kama tenzi za Kiswahili zilizoandikwa, ambazo aliziona ni matokeo ya fasihi ya Kiarabu. Ugomvi uliofuata ulidumu miaka mingi. Isidore Okpewho wa Nigeria alijibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima juu ya utendi wa Afrika. Wengine wakafuata na ushahidi wa Wamandinka. Huku kwetu Mugyabuso Mulokozi alichunguza katika miaka ya 1980 tendi za Wahaya wa Kagera zinazoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi inayochongwa mfano wa hori; huko mghani anasimulia akina Rukiza na Mugasha huku vidole vikijibizana na sauti.

Ushahidi uliokuwa mgumu kuliko wote kuukwepa ulikwisha kuchapishwa mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Finnegan. Mwaka 1956, mashariki mwa Kongo, katika nchi ya Wanyanga, mghani Candi Rureke alisimulia kisa cha Mwindo kwa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliandika kila neno, kikatoka kitabu mwaka 1969. Wanyanga wana jina lao la utanzu huu, *karisi*. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu kuwa nao.

Mfalme Shemwindo anawaambia wake zake saba wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume atauawa. Mwindo anazaliwa, tena si kwa njia ya kawaida, anatoka kidoleni mwa mama yake, akiwa anasema na kutembea, mkononi ana usinga. Jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, mdogo aliyezaliwa akaenda, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili asikie mguu wa jina hilo. Baba anamrushia mikuki, anamzika, mwishowe anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaimba ndani ya ngoma huku maji yakimpeleka kwa shangazi yake Iyangura. Anarudi, anamfuata baba hadi kuzimu alikokimbilia, anamrudisha akiwa hai, na wanagawana ufalme.

Katika tendi za kawaida tungeishia hapo. Rureke haishii. Mwindo anaua joka ambalo lina undugu na Nkuba, Radi, na kwa kiburi hicho anapandishwa mbinguni, anateswa kwa baridi, mvua na jua mwaka mzima, anaambiwa asiue tena mnyama, ndipo anarudishwa kutawala kwa upole. Shujaa anaadhibiwa kwa ushujaa wake. Mchambuzi anayesema utendi ni sifa tupu za nguvu hajafika mwisho wa karisi.

Sasa, maneno ya Rureke hayana mizani nane wala kumi na sita. Sehemu kubwa ni usimulizi wa mdundo, ukikatwa na nyimbo, mghani akitikisa kibuyu, akicheza, akiwa Mwindo kwa mwili wake, wasaidizi wakigonga vijiti. Waliokataa kuuita utendi walisema: hiyo ni nathari yenye nyimbo, si ushairi. Lakini mdundo wa Rureke uko katika mwili na hadhira, na karatasi haiwezi kuubeba. Ukimpima kwa karatasi umempima kwa kile kilichobaki baada ya yeye kuondoka.

Jambo jingine walilolikuta Biebuyck na Mateene: Rureke hakuwa amewahi kuombwa asimulie kisa chote mfululizo. Desturi ni kusimulia tukio moja leo, jingine siku nyingine. Utendi mzima hukaa katika kumbukumbu ya watu kama mji unavyokaa katika kichwa cha mkazi wake, bila kuwahi kuutembea wote kwa siku moja. Hata urefu, basi, ambao tunaufundisha kama sifa ya kwanza, mara nyingi huzaliwa pale anapokuja mtu na kalamu. Miaka ya 1930 mtafiti Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kutafuta namna Homer alivyoweza kutunga, na mwaka 1935 mwimbaji asiyejua kusoma, Avdo Međedović, alimtolea wimbo wa mistari zaidi ya 12,000, akitunga palepale kwa mafungu ya maneno yaliyokwisha kuwa tayari kinywani. Urefu ule ulikuja kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka kuusikia wote.

Tendi za pwani zinasimama katikati ya hali hizi mbili, na hapo ndipo upekee wetu ulipo. Ni maandishi: mtunzi anaanza kwa kutaka karatasi na wino, anamaliza kwa kujitaja jina na tarehe. Ila yaliandikwa yaghaniwe. Msomaji mmoja alikuwa na kitabu, hadhira ilikuwa na masikio. Anayeisoma Tambuka kimya ofisini amepata maneno yake tu.

Vipi vita vya juzi?

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani walivyoitwaa Mrima, vita vya Abushiri vilivyokwisha kwa Abushiri kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alitumia beti elfu tatu kusimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945. Je, hizi ni tendi?

Kwa urefu, vita na vazi, zinafaulu zote. Kwa mwili, nina shaka, na nasema hivi nikiwa nazithamini sana. Kazi ya Shaaban Robert ni historia katika ushairi: ina majeshi, nchi na wakubwa wengi, lakini hakuna mtu mmoja ambaye mji umemwekea swali lake mwilini. Kwa Hemedi kuna kitu kinachokaribia. Matukio yalikuwa bado na joto, walioshindwa walikuwa bado hai, na Abushiri hajapata muda wa kukua kimo, bado ni mtu wa saizi ya watu. Utendi unahitaji vizazi viwili vitatu vya kusimuliwa kabla ya kalamu, ili kila msimulizi aache kitu na aongeze kitu, hadi kibaki kile ambacho wote wamekikubali. Liyongo aliupata muda huo, na Abushiri akawahiwa na karatasi.

Hilo si kosa la Hemedi, na kukosa jina la utendi hakumpunguzii kazi yake hata chembe. Tumejenga mazoea ya kuona kwamba kazi isiyoitwa kwa jina la heshima haina heshima, ndiyo maana tunamlazimisha Mwana Kupona awe shujaa wa vita ambavyo hakuviandika.

Nyumbani kwake vita vilikuwemo. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu na alimpinga Sultani Sayyid Said kwa miaka, hadi alipokufa mwaka 1856, miaka miwili kabla ya wasia. Mwana Kupona alikuwa na mwili wa utendi chini ya dari yake: mji uliozingirwa, bwana asiyetaka kuinama, majeshi ya Unguja yakija kwa merikebu. Mtindo alikuwa nao mkononi. Akatunga beti mia moja na mbili, na hakumtaja mpiganaji huyo mahali popote isipokuwa kama mume. Anamweleza binti yake jinsi walivyoishi bila kukorofishana, na jinsi siku ya faradhi ilipomjia, akiwa kitandani, alivyorudia na kurudia kumwambia mkewe kwamba yu radhi naye.